Saa Kumi na Tisa Bila Idhini

Mtu akiingia kituoni analia kwamba ameibiwa, amepigwa au amekimbiwa na mke, sajini wa kaunta alimwacha kwanza apumue. Alimsogezea benchi kwa mguu, akafungua kitabu cha matukio, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, halafu akauliza swali moja kabla ya mengine yote.

"Saa ngapi?"

Hakuanza na nani, wala wapi, wala kwa nini. Aliuliza hivyo kwa miaka ishirini na mitano, mpaka mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake na kumwita Saa Ngapi. Wezi wazoefu walikuwa wakimjibu kabla hajafungua mdomo. "Saa nne kasorobo, afande, usijisumbue." Naye aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka, akapiga mstari chini kwa rula. Kwake yeye, jambo lisilo na saa lilikuwa porojo tu, na porojo alikuwa akiwapelekea wenzake wa chumba cha pili.

Kabla ya upolisi alikuwa mwanajeshi kwa miaka tisa, na jeshi halikumtoka mwilini kirahisi. Mpaka leo kituoni wanakumbushana ripoti yake ya kwanza, alipomkamata mwizi wa mifugo nyuma ya machinjio. Aliandika hivi: "Adui mmoja ametekwa akiwa na mbuzi wawili. Upande wetu hakuna hasara." Mkuu wa kituo wa siku hizo alicheka mpaka akavua kofia ajipepee. Saa Ngapi hakucheka. Aliuliza tu kama kuna kosa kwenye idadi ya mbuzi.

Nyumbani nako alikuwa vilevile, ila huko ukali wake ulikuwa wa kubembeleza. Kila Jumapili jioni alipiga pasi sare za shule za watoto wake watatu mwenyewe, akazipanga kwenye viti kwa kufuata umri, soksi juu, mkanda pembeni. Alijua namba ya kiatu ya kila mtoto bila kuuliza. Kwenye mikutano ya wazazi alifika kabla ya walimu, akakaa mbele na daftari. Mkewe akiugua, aliingia jikoni akapika, akafagia, akaogesha watoto, kisha akaja kusimama kando ya kitanda na kutoa taarifa kwamba hali ni shwari. Wanawake wa mtaa walimwonea gere mkewe waziwazi.

Mke huyo, Mama Koplo, alikuwa na meza ya vitambaa sokoni, na mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Alimpenda mumewe na hakumficha mtu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumsamehe, na hilo nalo hakumficha mtu.

Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, kabla hajatimiza hata siku mbili, Saa Ngapi aliondoka kwenda mazoezi ya kijeshi porini, akakaa huko siku kumi na nne. Hakuja hata kuaga. Alimtuma rafiki yake, koplo mwenzake mwembamba aliyeitwa Msumari, aje aseme tu kwamba amri imetoka juu.

"Kitovu cha mtoto kimedondoka, hayupo!" Mama Koplo alikuwa akisema. "Mimi nina mshono, siwezi kuinama, mama yangu ananifulia, na bwana mkubwa yuko porini anapiga miti risasi."

Alisema hivyo kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, mbele ya mawifi na mashemeji. Mume akisahau sukari dukani, siku kumi na nne zinatajwa. Akichelewa dakika tano, zinatajwa. Mama mkwe wake alikufa akiamini kwamba binti yake ameolewa na bunduki. Saa Ngapi hakujitetea hata mara moja. Alikuwa akisimama wima pale alipo na kusema, "Kosa limepokelewa," halafu akarudi dukani kufuata sukari.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, na baba yake alimwita Koplo tangu akiwa kwenye nepi. Watu wakiuliza kwa nini, anajibu, "Cheo changu nilimpa huyu." Walicheka, wakaona ni mizaha ya askari anayempenda bintiye. Jina likamganda. Sasa Koplo alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa kushona nguo mwenye cherehani tatu na wateja wanaomsubiri, na bado baba yake akiingia karakanani kwake alimpigia saluti mlangoni.

*

Ilipofika zamu yake ya kustaafu, majina ya watakaovishwa Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema yalibandikwa ubaoni, na la kwake lilikuwa la tatu. Ungemwona siku ile. Alisoma orodha, akasogea pembeni kuwapisha wengine, akarudi akaisoma tena. Alikuwa amekula kiapo mara mbili, jeshini na polisi, na jumla ya miaka ilikuwa thelathini na minne.

Mama Koplo alipopata habari, soko lilipata habari. Utaratibu wa sherehe ulikuwa kwamba mkubwa aliyealikwa ndiye anayemvisha askari nishani, lakini mwenza wa askari huitwa mbele kushika kasha lake. Basi mama wa watu akaanza mazoezi. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alitembea kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kabati la vyombo, mikono mbele, amebeba kasha la miwani. Koplo alimshonea gauni la buluu iliyoiva. Na ukutani, katikati ya picha ya harusi na picha za watoto, Mama Koplo akapigilia msumari mpya. Nishani ingening'inia pale.

Jumanne, siku tatu kabla ya gwaride, karani wa masijala alimwita Saa Ngapi kwenye chumba chake cha mafaili. Karani huyu alikuwa mtu mzima mwenye miwani minene, naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Walikuwa wamenywa chai pamoja tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Faili lako la jeshini limefika," alisema. "Ulipohamia huku walituletea cheti tu. Sasa kwa ajili ya nishani wanataka miaka yote ijumlishwe, kwa hiyo wameleta faili zima."

Saa Ngapi alikuwa akilisubiri neno hilo tangu siku ile ubaoni, akijidanganya kwamba huenda miaka ya jeshini haitaangaliwa.

"Kuna ukurasa mmoja mwekundu," karani akaendelea kwa sauti ya chini. "Nishani hii haitaki hata doa moja, unajua mwenyewe. Nimeusoma mara tatu, afande. Nimefanya kazi ya mafaili miaka thelathini. Sijawahi kuona mtu aliyejishtaki kwa mkono wake."

Alilifungua faili mezani. Karatasi zilikuwa zimezeeka, uzi umelegea. Ule ukurasa ulikuwa wa daftari la walinzi, umeandikwa kwa wino mwekundu, na mwandiko ulikuwa ule ule ulionyooka, na mstari wa rula chini yake.

"Faili limetoka mbali," alisema karani. "Limepakiwa, limeshushwa, limekaa na panya. Karatasi ikidondoka njiani, nani atajua? Kesho asubuhi linakwenda kwa mkuu. Sasa hivi mimi nakwenda kunywa chai. Nikirudi nitalifunga jinsi nitakavyolikuta."

Akatoka. Saa Ngapi akabaki na faili.

Alikaa. Alisikia kikombe kikigonga sahani chumba cha jirani. Akilini alimwona mkewe akitembea kutoka jikoni mpaka kabatini, mikono mbele, shingo ndefu, na akajua kabisa kwamba wenye meza zote za vitambaa wameshaahidi kufunga biashara Ijumaa waje kumwona. Alijua pia, na hili ndilo lililomtisha zaidi, kwamba akiikosa nishani ile ya shaba atalazimika kusema kwa nini. Na akisema kwa nini, Koplo atasikia. Binti yake ataondoka pale akijua kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikomnyima baba yake nishani. Afadhali waendelee kumwona mume mzembe kuliko hilo.

Mkono wake ukaenda wenyewe. Ukurasa ulitoka bila ubishi, tundu lake lilikuwa limeshachanika nusu. Aliushika, mwepesi ajabu. Ungeingia kwenye mfuko wa shati nyuma ya kalamu na hapangekuwa na mtu wa kuuliza.

Akausoma. Hakuwa ameusoma tangu siku alipouandika.

Siku ile alikuwa koplo wa zamu ya ulinzi, na daftari lilikuwa mikononi mwake. Jirani alikuja mbio mpaka getini kusema kwamba mke wa Saa Ngapi ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Ofisa pekee wa kutoa ruhusa alikuwa ametoka na kikosi, hatarudi mpaka kesho. Saa nane mchana alimkabidhi Msumari funguo, akapanda baiskeli, akaenda. Alimpakia mkewe kwenye kiti cha nyuma, akamfunga kwa shuka asidondoke, akaisukuma baiskeli kilomita saba za matope mpaka hospitali, akimhesabia hatua: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja, akamuuliza kama ameruhusiwa. "Nimepewa ruhusa," alisema. Mtoto alizaliwa asubuhi yake, saa kumi na mbili na robo.

Aliporudi kambini alikuta mambo shwari. Jina lake lilipoitwa, Msumari alikuwa ameitikia "Nipo!" kwa sauti nyingine, na daftari lilionyesha yupo. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angekuja kujua. Msumari alimkumbatia, akampa hongera ya mtoto. Saa Ngapi alishukuru, akakaa, akafungua daftari, akachukua kalamu nyekundu. Msumari alimshika mkono akamwambia, "Wewe una wazimu?" Lakini daftari lile lilikuwa na saini yake kila ukurasa. Kama mstari mmoja ni wa uongo, basi na mingine yote ni ya nini? Akaandika kwamba aliondoka bila idhini, na kwamba lawama yote ni ya kwake. Jina la aliyeitikia hakuliandika, na hilo lilimwokoa Msumari. Kesho yake akavuliwa tepe zake mbele ya kikosi na kuwekwa kizuizini kambini siku kumi na nne.

Mke alikuwa amelazwa hospitali na mshono mbichi. Aambiwe nini, kwamba mumewe yuko ndani kwa sababu yake? Msumari akatumwa na hadithi ya mazoezi porini. Ndivyo mtu asiyeweza kuacha uongo kwenye daftari alivyouingiza nyumbani kwake, na kila mwaka uliopita ukawa mgumu zaidi kuutoa.

Karani aliporudi, akipangusa miwani yake, alimkuta rafiki yake amesimama. Ukurasa ulikuwa umerudi mahali pake. Tundu lililochanika lilikuwa limezungushiwa karatasi ya gundi, na uzi ulikuwa umefungwa fundo la kijeshi ambalo lingehitaji meno kulifungua.

"Nilijua," alisema karani, na hakuonekana kusikitika hata kidogo.

"Nitolee nakala moja ya ukurasa huo," alisema Saa Ngapi. "Nina maelezo ya kwenda kutoa, na sijazoea kutoa maelezo bila kielelezo."

*

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Mama Koplo alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya sebule, ndani ya gauni la buluu, na Koplo amepiga magoti chini akipima upindo, pini nne mdomoni.

"Usimsogelee, atatikisika," Koplo alisema kwa meno.

"Atatikisika tu," alisema baba yake.

Alivua kofia, akaiweka mezani, akasimama wima mbele ya kigoda. Kisha akatoa maelezo. Ndivyo alivyojua kusema jambo zito, kwa mpangilio wa kituoni: mimi niliyetajwa, siku fulani, saa nane kamili mchana, nikiwa kazini. Hakuruka kitu. Mwisho akaeleza kwamba nishani haipo tena, kwamba lawama yote ni ya kwake, akaweka nakala juu ya meza.

Koplo alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

Mama Koplo hakushuka kwenye kigoda. "Zile siku kumi na nne," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Hukuwa porini."

"Nilikuwa kizuizini. Kulikuwa na dirisha dogo. Lilitazama upande wa hospitali, ila hospitali yenyewe haikuonekana."

"Miaka ishirini na tisa!" Sasa mama alipasuka. "Miaka ishirini na tisa unaniacha nakusimanga! Mbele ya wifi zangu! Mbele ya mama yangu, mpaka anaingia kaburini anakuita mume wa bunduki! Na wewe umesimama tu, kosa limepokelewa, kosa limepokelewa! Kosa gani ulilopokea, baba wewe? Kosa la nani?"

"Ulikuwa na haki ya kusema, Mama Koplo. Hukuwa na taarifa."

"Taarifa ulikuwa nayo wewe!"

"Ndiyo," alisema. "Hapo ndipo kosa langu."

Alikuwa na machozi mama wa watu, na hasira, na gauni lililojaa pini, na hakujua aanze na lipi. Alimrushia mumewe kasha la miwani. Likampata begani. Saa Ngapi hakukwepa, aliliokota na kumrudishia, naye akalipokea.

Koplo alikuwa bado chini, ameshika ile nakala. Aliisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari. Baba yake alimtazama utosini, akingoja pigo alilokuwa akiliogopa kuliko yote.

"Baba," alisema Koplo. "Tepe walikuvua saa ngapi?"

"Saa nne na robo asubuhi."

"Mimi nilikuwa na umri gani?"

"Siku moja na saa nne," alisema baba yake papo hapo.

Koplo akainuka. Alikuwa mrefu kama yeye. "Kwa hiyo hukuwa unatania. Cheo ulinipa kweli."

"Sijawahi kukitania. Niliona kimekwenda pazuri." Akatafuta maneno zaidi, akakosa ya kituoni, akachukua ya kawaida. "Usije ukafikiri ulinigharimu kitu, mwanangu. Baada ya miaka miwili walinirudishia tepe, na baadaye nikaongezewa ya tatu. Ila zile za kwanza ndizo nilizozivaa vizuri zaidi, maana zilikwenda kwako."

Koplo alimpigia saluti. Ilikuwa saluti mbovu, mkono umekunjwa vibaya, na siku nyingine yoyote angemsahihisha. Safari hii alimkumbatia.

"Ijumaa siendi kujificha," Mama Koplo alitangaza kutoka juu ya kigoda, akifuta pua. "Gauni limeshashonwa. Koplo, rudi kwenye upindo."

*

Ijumaa uwanja ulijaa. Soko la vitambaa lilikuja lote, likakaa safu mbili nzima na miavuli yake. Mama Koplo alikaa mbele katika gauni la buluu, na kasha la miwani mapajani. Alikuwa amewaeleza wenzake mapema, kwa sauti, kwamba mume wake hapewi nishani leo na kwamba anayetaka kujua sababu asikilize vizuri.

Wastaafu kumi na mmoja walipita mbele kwa mwendo wa pole. Saa Ngapi alikuwa na goti bovu, lakini siku hiyo goti liliamriwa kunyamaza, likanyamaza. Kisha msomaji akasimama kwenye kipaza sauti na muhtasari ulioandaliwa na masijala, akaanza kusoma utumishi wa mmoja mmoja. Vyeo, vituo, miaka. Adhabu: hakuna. Adhabu: hakuna. Wenye nishani waliitwa, wake na waume zao wakaenda mbele na makasha.

Ikafika zamu yake.

"Jeshini miaka tisa. Polisi miaka ishirini na mitano. Siku za ugonjwa: sita. Malalamiko ya raia: hakuna. Adhabu..." Msomaji akasita, akatazama karatasi vizuri. "Adhabu: moja. Kutokuwepo kazini saa kumi na tisa bila idhini. Aliyetoa taarifa ya kosa: yeye mwenyewe. Sababu: mke wangu alikuwa anajifungua mtoto wetu wa kwanza, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka."

Karani hakuwa ameongeza neno hata moja. Alikuwa amenakili tu, mpaka nukta ya mwisho.

Minong'ono ilianza kwenye safu za nyuma. Hapo Mama Koplo akasimama. Hakuitwa na mtu, na hapakuwa na kasha la nishani la kushika. Alisimama tu, mrefu, mabega nyuma, gauni la buluu likionekana uwanja mzima, jinsi walivyosimama wenzake walioitwa. Koplo akasimama upande wake wa kulia, na wadogo zake wawili wa kiume, waliosafiri usiku kucha kuja, wakasimama upande wa kushoto. Soko la vitambaa likatazamana, likasimama lote.

Mkubwa aliyealikwa alishuka jukwaani kumpa mkono na cheti chake. Alimshikilia mkono kwa muda mrefu kuliko wengine.

"Na yule mtoto?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Askari kwenye gwaride haruhusiwi kugeuza kichwa, na kwa miaka thelathini na minne Saa Ngapi hakuwahi kugeuza chake. Akakigeuza.

"Yule pale, mkuu. Yule mrefu. Anaitwa Koplo."

Mkubwa alitazama upande ule, akarudi nyuma hatua moja. Alimpigia saluti yeye kwanza, mkubwa kwa sajini, na kila mtu uwanjani aliiona.

*

Saa sita na nusu walikuwa nyumbani. Wana wa kiume walikuwa nje wakishusha viti vya kuazima. Saa Ngapi alivua kofia kwa mara ya mwisho, akakaa, akaanza kufungua viatu. Hakuwahi kujisikia mwepesi hivyo. Koplo alikuwa ameleta fremu ya kioo kutoka karakanani kwake, na ndani yake aliuweka ule ukurasa wa wino mwekundu, ingawa katika nakala wino ulikuwa umegeuka mweusi.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Koplo. "Usifunge."

Alimwendea mumewe, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake bila kuomba, akaketi mezani, akauvuta ukurasa.

"Mama Koplo," alisema Saa Ngapi, akisimama na kiatu kimoja. "Hilo ni daftari la serikali."

"Hii ni nakala. Au si nakala?"

Alifikiri. "Ni nakala," alikubali.

"Basi kaa chini."

Ukurasa ulikuwa na sehemu ya mwisho iliyoachwa wazi, imeandikwa juu yake: Maoni ya shahidi, kama yupo. Mahali pa jina la Saa Ngapi, daftari lilisema *hakuwepo*. Mama Koplo aliinama akaandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika bei kwenye vitambaa, ulimi ukiwa nje kidogo. Kisha akaweka saini, akamsogezea.

Saa Ngapi alivaa miwani. Alisoma: *Alikuwepo. Mimi nilimwona.*

Koplo alimwona akivua miwani na kuivaa tena. Mwishowe akauweka ukurasa mezani mbele ya mkewe, akagonga kwa kidole ile sehemu iliyoandikwa.

"Umesahau saa," alisema.

"Saa kumi na mbili na robo asubuhi," alisema Mama Koplo. Akaiandika, akachukua rula, akapiga mstari chini yake.